Springi ya Mlango

Garazi kafungua nati ya mbele,
katoa springi, kaitupa koponi.
"Laini mno. Wimbi halitii upesi hivi."
Kachukua ile ya mlango wa karakana
ya marehemu babake,
kaikata pete mbili kwa msumeno,
kapaka grisi, kakaza,
kalegeza robo.

Vitoria haina pwani. Ina maegesho ya duka
lililofungwa, na mteremko wa lami
unaopanda ukutani kama unaotaka kuvunjika.

Kakunja magoti. Bega likatangulia, kiuno kikafuata,
ubao ukang'ata kona, ukamrudisha.
Mara ya tatu ukamtupa. Kiwiko chekundu.

Kalamba damu, kapapasa spana mfukoni.
Robo nyingine.

Jumamosi kuna basi la Zarautz,
na kule
hakuna nati ya kukaza.