Daftari la Vipimo

Wengine wanawakumbuka kwa nyimbo.
Mimi nawakumbuka kwa inchi.
Kihiyo, gitaa la kati: kifua thelathini na nane,
shingo kumi na tano na nusu,
bega la kushoto limeshuka kwa uzito wa mkanda.
Mntambo, tarumbeta: usimbane mbavuni, ataishiwa pumzi mbele za watu.
Yule wa besi alikataa kupimwa.
"Nikate kama mlango," akasema.
Nikamkata kama mlango. Likamkaa.

Kisosora Jazz. Mashati kumi na moja,
rangi ya damu ya mzee, kola ndefu,
mwaka ambao kitambaa kilitoka kwa kibali
na sukari kwa kujuana.
Nilishona Barabara ya Kumi na Nne, kibarazani,
mguu kwenye pedali, redio dirishani,
nikiwasikia wao wenyewe wakiniimbia kazi.

Usiku ule nilikwenda kudai.
Niseme kweli, maana siku hizi
kila aliyekuwepo anasema alilia,
anasema moyo ulimwambia.
Moyo haukumwambia mtu.
Mimi nilikuwa nadai mia mbili na arobaini,
nimejifunga khanga za nyumbani, nywele sijachana,
nikapitia mlango wa jikoni
penye moshi wa ngisi wa Mama Sekiete,
sakafu ya ukumbi imeshanyunyizwa poda
na vijana wa reli wamekwisha vua makoti.

Kihiyo akaniwahi nyuma ya ngoma.
"Da Mwanahawa, shati limenikimbia."
Akageuka, nikaona.
Si shati lililokimbia.
Deni likanikwama kooni kama mwiba wa changu.
Nikachomoa pini kwenye upindo wa khanga,
nikambana mgongoni, moja, mbili,
tatu, nne.
Inchi nne nzima, mkononi mwangu, kitambaa kitupu.
"Usiwape mgongo," nikamwambia, "wataona."

Na yeye, mnamjua, kila wimbo ulipochemka
alikuwa akituachia mgongo,
anazungumza na ukuta, anarudi na kitu.
Usiku ule hakugeuka hata mara moja.
Alitutazama. Wimbo kwa wimbo, alitutazama,
na hadi leo Ngamiani wanasema:
alikuwa anatuaga yule, mlimwona macho?
Nami nanyamaza.
Zilikuwa pini.

Halafu umeme ukakatika, kama ada.
Ngoma haikujali. Tarumbeta haikujali.
Watu wakaendelea kucheza gizani, viatu tu,
viatu na poda na vicheko,
na mimi niliyekuwa karibu
nililisikia gitaa lake bila umeme:
kavu, jembamba, panya kwenye karatasi,
anapiga vilevile, haachi hata nota,
kwa nani sijui.
Taa ziliporudi alikuwa anatabasamu
kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye asali.

Sikukaa mpaka mwisho.
Kulikuwa na suruali za shule za watu, asubuhi, za Jumatatu.
Nilitoka wimbo ukiwa katikati,
na nikiwa njiani, karibu na pampu ya maji,
bado besi ilikuwa inanifuata chini ya nyayo.
Nikajiambia, nitawaona mwezi ujao.

Masika hayakwisha. Spika ziliuzwa Korogwe,
Mntambo akahamia kwa shemeji yake Handeni,
na Kihiyo alilala Bombo wiki tatu
kwenye kitanda cha dirishani.
Msibani shehe akasimama, akauliza kama inavyoulizwa:
yeyote anayemdai marehemu na aseme sasa.
Watu wakatazama chini.
Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nasikia vizuri.
Sikusema.
Wala sikusamehe, Mungu anajua.
Sikuwa tayari yaishe.

Daftari ninalo. Mende wamekula pembe.
Ukurasa wa ishirini na mbili:
thelathini na nane, imekatwa mstari,
thelathini na nne.
Halafu, kwa penseli, mwandiko wa haraka:
*pini 4, hazijarudi.*