Safu ya Mwisho

Kitabu kinasema: kumi na wawili.
Kiliandikwa La Paz, miaka arobaini baada ya moto,
na mtu ambaye shimoni hakushuka.
Yeye kalinukuu gazeti,
gazeti lilimnukuu meneja,
na meneja, siku ile, alikuwa mezani akila.
Maji haya ya kunywa, yamepita mikono mingapi?

Nélida Villca amevaa glavu za pamba.
Daftari la mishahara la mgodi wa bati
linanuka kutu, linanuka panya.
Hapa Oruro baridi huingia hata kwenye makaratasi.
Anahesabu kwa ncha ya penseli
majina yaliyopigwa mstari Jumanne ile:
Mamani, Quispe, Colque, Mamani mwingine,
mvulana wa nusu mshahara...

Kumi na tisa.

Angepiga kelele, ila mtunza nyaraka
amesinzia na kofia yake ya sufu.

Tena anasoma safu ya mwisho, mwandiko wa karani:
*Ameacha kazi. Ameacha kazi. Ameacha kazi.*
Mara kumi na tisa, wino uleule.
Kumbe hata chemchemi huvurugwa;
aliyekuwepo naye ana bosi,
ana watoto, ana kodi ya nyumba.

Nélida anakaribia kulifunga.
Mbele ya jina la Colque karatasi imechunika,
kalamu ilikandamizwa hadi ikatoboa.
Anashuka kwa kidole mpaka chini ya ukurasa,
kwenye sahihi:

*Karani, R. Colque.*

Penseli anaiweka mezani, polepole.
Dirishani, theluji nyembamba.