Chombo cha Bati

Badi alikiunda uani, kwa bati la tangi
lililotuwekea maji darini miaka kumi na tano, Kuze.
Kirefu. Chembamba kama mtu aliyetoka hospitali.
Majirani wakauliza: jeneza la nani?
Yeye akachomelea, cheche zikiruka hadi kambani,
na leso yangu moja mpaka leo ina vitundu kama chujio.

Miaka thelathini na miwili fundi wa injini za feri, Likoni.
Kuvuka, kurudi. Kuvuka, kurudi.
Maisha mazima majini
na hajawahi kwenda mbele.

Ni Swabra wetu aliyemtia wazimu huu,
alipotuma picha kutoka Uingereza: mfereji uliochimbwa kwa sururu,
na juu yake nyumba nyembamba yatembea, dohani yafuka,
mwendo wa mtu na mbwa wake ukingoni.
"Baba, watu hupanda kutwa wasifike kokote,
na baridi hii, na hulipia."
Badi aliitazama picha mpaka wali wake ukapoa.

Leo basi. Julai, kipupwe, manyunyu tangu alfajiri.
Nimevaa sweta la Swabra la sekondari, viwiko vimeliwa,
juu yake leso mbili, juu yake koti la mvua la feri
lenye namba mgongoni.
Baridi ya Mombasa haiui, najua,
ila mfupa wa pwani haukuizoea.

Twaondoka Tudor saa mbili, maji yameanza kupwa.
Nalimwambia.
Mwanamke ajua mapishi, wasema, hajui bamvua.
Nikamimina chai.

Mikoko huku, mikoko huku,
mizizi imekunja magoti kama watu wanaotawadha.
Mdiria mmoja wa buluu atutangulia,
tukimkaribia aruka tawi la pili, atungoja tena.
Kandambili yaelea, ya kushoto.
Juu, Mikindani, honi za malori
kama habari za mji wa watu wengine.
Injini: tuku, tuku, tuku.
Badi aisikiliza kichwa kikiwa upande,
kama asikilizaye mtoto akisoma kwa mara ya kwanza.

Saa tano, karibu na Jomvu, tope likatukamata.
Bila kishindo. Kama kushikwa mkono na shangazi.

Akapita kijana na ndoo ya kaa, topeni, kwa miguu.
"Mwaenda wapi?"
"Twatembea," Badi akasema.
Kijana akatutazama, sisi tuliokaa,
kisha akaenda zake.

Huko kwao, Swabra asema, mifereji ina milango ya mbao;
mtu hufunga, hungoja,
na chombo huinuka polepole kama unga wenye hamira.
Lango letu ni mwezi,
na mwezi hauna mpini.

Tukawasha jiko. Tukapasha mahamri.
Manyunyu yakipiga bati lililokuwa tangi,
sauti ileile ya darini, usiku wa masika,
Swabra akiwa mchanga katikati yetu.
Ndipo akaniambia jambo asiloniambia miaka yote:
kwamba kila safari, feri ikifika katikati,
aliomba moyoni nahodha asahau ng'ambo
na wote waende zao baharini,
magari, wachuuzi, mbuzi wa mtu.

Mimi langu sikumwambia.
Nikamwongeza chai.

Saa tisa na kitu, bati likanong'ona chini ya miguu.
Chombo kikapata uzito wake, kikaupoteza.
Badi hakuwasha injini mara moja.
Alirekodi ule mnong'ono, akamtumia Swabra, bila neno.
Jibu likaja tukiwa tumefika Tudor:
"Hapa pia mvua."

Usiku kitanda bado chayumba.
Mkono wake wanuka dizeli, nimeushika.
Nilidhani amelala.
"Kesho," akasema, "maji yajaa saa mbili kasoro kumi."