Swali la Kumi na Saba

Wametugawia dodoso leo, baada ya somo la mifupa.
Moja mpaka tano, zungushia duara:
Ninasoma kwa kuwa napenda kujua.
Ninasoma ili nipate kazi.
Ninasoma nisije nikawaaibisha wazee wangu.
Shinuna, pembeni yangu, kazungushia tano kote,
anawahi basi la Mudhaibi.

Mimi nimekwama kumi na saba:
Sijui kwa nini nipo hapa.

Muhula uliopita ningeweka tano bila kufikiri.
Nilianguka mtihani wa dawa kwa alama mbili,
nikalala Ijumaa nzima, kiyoyozi kikinguruma,
Baba akija mlangoni na chai ya maziwa,
asibishe hodi, aiweke chini, aende zake.
Asubuhi nikakuta vikombe vitatu, kila kimoja na utando wake.

Halafu wodi ya wanawake, hapa hapa Ibra,
wiki ya nne ya mazoezi.
Kitanda cha tisa, Bi Thuwaiba.
Kazaliwa Wete. Miaka hamsini anasema Kiarabu,
ila maumivu yake hayakujifunza.
Daktari akauliza: moja mpaka kumi, ngapi?
Bibi akatazama dari.

Nikauliza mimi, kwa lugha ya jikoni kwetu:
Linauma, au linasokota?
Linachoma? Linawanga? Linavuta?

Akageuza shingo kama aliyeitwa jina la utotoni.
"Halisokoti, mwanangu. Linakereza,
msumeno butu.
Kisha linapanda huku, begani."

Begani.
Ukurasa ule wa nyongo, niliouchukia,
niliomwagia kahawa kwa makusudi,
ukanisimamia mbele kama mtu.
Nikamwambia daktari. Akaandika.
Hakusema ahsante; alikuwa na vitanda kumi na vinne.

Usiku ule nilisoma mpaka saa saba.
Si sifa: kesho yake nilisinzia maabara,
kichwa juu ya mkono wa mpira
tunaojifunzia kutafuta mishipa.

Sasa wanakusanya karatasi.
Nimezungushia mbili, nikafuta.
Nikazungushia nne. Nikafuta.
Nikafikiria wiki ijayo, mtihani wa dawa tena,
na Baba na birika lake.
Raba imetoboa pale pale, namba haisomeki.

"Raya, umemaliza?"
Nikampa hivyo hivyo, na tundu lake.