Daki

Huko Middleport, mji wa matanuri na vikombe,
neno lao la bata hutamkwa daki,
na si lazima bata awepo.
Dereva wa basi humwita daki bibi mwenye mkongojo,
muuza samaki humwita daki polisi,
polisi naye humwita daki mlevi anayemtia pingu.
Mgeni husimama, akageuza shingo,
akatafuta mbawa.

Enid Colclough alilitumia hivyo miaka sabini,
bila kulipima, kama chumvi ya jikoni kwake.
Alichora maua kwenye sahani,
waridi mia mbili kwa zamu,
amejifunga aproni ya turubai, kitambaa kigumu
ambacho nacho, usiniulize kwa nini,
huitwa daki.

Mlango wa tanuri ulikuwa mfupi.
Wanaume walipita na makasha ya udongo vichwani,
na aliye karibu alipaza sauti: Daki!
Hapo maana yake ni inama.
Clifford, siku yake ya kwanza kazini,
alisikia sauti ya msichana wa aproni,
akadhani anaitwa kwa mahaba,
akageuka na tabasamu lake lote.
Jiwe likamkuta kwenye paji la uso.
Kovu lile aliingia nalo kanisani siku ya ndoa.

Jumamosi alicheza kriketi, vibaya.
Mpira wa kwanza, vijiti chini,
karani anaandika sifuri, mviringo kama yai,
na sifuri hiyo nayo ni bata.
Neno linakaribia kuwa daka,
lakini Clifford hakudaka kitu maisha yake yote
ila homa, na Enid.
Kiangazi kimoja alileta nyumbani daki saba.
"Si neno, daki," Enid akamwambia,
wakacheka mpaka chai ikapoa.

Clifford alikufa. Matanuri yalikuwa yamezimwa zamani.
Kisha, mwezi wa Februari, kiharusi
kikamwingia Enid kama mwizi mwenye haraka,
kikabeba majina, kikabeba sala, hesabu, matusi,
kikasahau neno moja juu ya meza.

Daki, alimwambia Dokta Sivakumar,
naye akadhani anaitwa kwa nusu ya cheo chake.
Daki, aliliambia dirisha.
Daki, aliuambia uji.

Glenys, binti yake, akanunua daftari.
Daki fupi, jicho kwenye glasi: maji.
Daki mbili za haraka: mto umeteleza.
Daki ya kunong'ona: choo, na yule muuguzi wa kiume asijue.
Daki inayopanda mwishoni: nani yuko mlangoni?
Ilikuwapo moja ndefu, inayokwama kooni,
huja jioni, macho hayatazami popote.
Hiyo aliiandika, akaiachia nafasi.

Mwezi wa Mei alimsukuma kwa kiti cha magurudumu
kando ya mfereji, wamebeba njegere za kulisha ndege.
Glenys ni mrefu kama baba yake.
Alikuwa akilalamikia bili ya gesi,
kitasa kibovu, ndugu yake asiyepiga simu,
na Enid akapiga kelele: Daki!

Glenys akatazama maji. Matupu.
"Wapi, Mama?" akainama kuuliza,
na chuma cha daraja kikapita juu ya nywele zake,
karibu sana, akasikia ubaridi wake.

Enid alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.
Alicheka hadi blanketi likaanguka,
njegere zikamwagika njiani,
na bata wakatoka chini ya daraja, watatu,
kana kwamba walisubiri kuitwa.

Usiku Glenys alifungua daftari penye ile nafasi.
Akaandika: inama.
Akakata.
Akaandika: Clifford.
Akakata, si sana; bado lasomeka.