Kisima Namba Thelathini na Moja

Nimepanda Mabatini na kioo cha kunyolea,
kamba yenye fundo kila mita, tochi ya kubembelezwa,
na fomu za ofisi zilizolainika kwa jasho.
Ngazi mia mbili na kumi za mawe, nimezihesabu.
Nyumba hapa zimekaa juu ya majabali
kama sufuria juu ya mafiga,
na chini, kati ya mabati,
ziwa linang'aa, kubwa, karibu,
wala halijawahi kupanda ngazi hizi.

Ndiyo maana walichimba.

"Mwangaluka, mayu."
Mama Nyanzobe ananitazama viatu kwanza.
"Kisima? Kile kilishakufa.
Tangu tuvute bomba hatujanywa hata kikombe."
Amekifunika kwa mlango wa jokofu,
juu ya mlango karai bovu,
ndani ya karai kuku ameatamia mayai sita.
Tunamhamisha kuku. Kazi hiyo inachukua muda
kuliko yote niliyofanya tangu asubuhi.

Kisima hakifi, mayu.
(Hilo sikulisema kwa sauti.)
Inayokufa ni kamba.
Shimo hubaki wazi kama sikio
likisikiliza kila kinachomwagwa uani:
mapovu ya kufulia, oili chafu ya pikipiki ya mwanao,
mvua ya masika inayopitia chooni kwa jirani
kabla haijafika hapa kubisha hodi.

Napima. Kutoka chooni, mita tisa.
Fomu inataka thelathini.
Ukingo umeliwa na kamba, mifuo kumi na minne,
laini kama ufizi wa mtoto.
Natia kidole katika kila mmoja.
Nani alisimama upande huu wa kushoto
akivuta kila alfajiri
hadi saruji ikamzoea?

Kisha nalikinga jua kwa kioo
na kulimwaga ndani.

Pete ya kwanza, mizizi ya mpapai.
Pete ya pili, ufa, upande wa choo,
unatoka jasho jeusi, jembamba, lisilo na haraka.
Pete ya tano, maandishi.
Si chokaa. Ni msumari kwenye zege bichi:

LUHENDE MAJI LEO 9/8/68

"Mayu, Luhende ni nani?"
Anainama, khanga ameibana kifuani isidondoke.
Namgeuzia kioo. Herufi zinatetemeka
kwa sababu mkono wangu unatetemeka.
"Baba mkwe," anasema.
Halafu, baada ya muda:
"Tuliambiwa hakujua kuandika."

Jumatatu tulimimina rangi ya kijani humo ndani.
Ijumaa, kule bondeni karibu na Mirongo,
Kwandu akavuta ndoo yake ya kwanza
ikatoka kijani kama majani ya mpunga.
Alicheka. Akawaita majirani waje kuona.
Kisha akamtazama mdogo wake wa mwisho,
yule anayeharisha kila masika,
akaacha kucheka.

"Lakini sisi hatuyanywi," alisema Mama Nyanzobe.
Sikumjibu. Nilimwonyesha chupa.
Aliishika juani, akaigeuza, akaigeuza tena,
kama mtu anayetafuta jina la duka.

Tulikiziba kwa siku mbili:
kokoto, mchanga, udongo wa mfinyanzi
ulioshindiliwa kwa mti wa mtwangio,
na zege juu.
Fomu ina nafasi ya kina, ya kipenyo, ya ufa.
Luhende nimemwandika pembeni, kwa penseli.

Jioni mama akaomba msumari.
Akachuchumaa kwenye zege bichi
akaandika LUHENDE, polepole,
akaandika MAJI, akasita.
Leo? Basi? Salama?
Msumari ulikuwa bado hewani
kuku alipopita katikati, na miguu yake yote miwili,
akielekea pale alipoacha mayai.