Lita Ishirini

Karviná haina pwani.
Ina theluji yenye masizi, ina minara ya mgodi uliofungwa,
na ghorofa ya tatu, jikoni kwangu, kando ya jokofu,
ina bahari ya lita ishirini.

Niliikoroga mwenyewe kwenye ndoo ya plastiki:
maji yaliyochujwa mpaka yakasahau bomba,
chumvi, gramu thelathini na tano kwa kila lita,
na mwiko ambao sasa haugusi tena mchuzi.
Bohuš, shemeji yangu, alichovya kidole, akaonja.
"Imekosa kabichi tu," akasema.

Nikapanga mawe, meupe kama mifupa iliyolambwa,
na jiwe moja lililo hai, liyaambukize mengine.
Zdenka wa dukani alinionya: usitie samaki.
Kwanza maji yaugue, kisha yapone.
Wiki sita nilitunza tangi lisilo na mtu.
Kila Jumapili matone kwenye kichupa:
kijani, kijani kibichi zaidi,
halafu asubuhi moja njano, njano tupu,
nikacheka peke yangu na kichupa mkononi.
Mwani wa kahawia ulikuja ukafunika kila kitu kama kutu,
ukaondoka bila kuaga.

Ndipo nikawaleta hao wawili.

Mmoja ni kamba, hazidi njiti ya kiberiti,
gando moja limevimba kama ngumi ndani ya glavu.
Haoni vizuri. Anachimba.
Kutwa anasukuma changarawe kutoka shimoni, anarudi, anasukuma.
Mwenzake ni samaki mwembamba wa mistari myekundu.
Huyu hachimbi. Anasimama mlangoni.
Kamba akitoka huweka papasi kwenye mkia wake,
na mkia ukitikisika, hata kidogo,
wote wawili, chini.

Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye mdomo wa shimo namba mbili,
mkono juu ya kengele.
Sikuchimba hata punje ya makaa.
Watu huuliza mstaafu wa goti bovu ana kazi gani na ndoo.
Nawavutia kiti. Wengine huona.

Februari nilikwenda kutengenezwa goti.
Funguo nikamwachia Bohuš, na karatasi:
kila jioni kikombe kimoja, maji matupu.
Maana maji huondoka kimyakimya, hewani,
chumvi haina pa kwenda.
Lakini Bohuš ana huruma, na huruma haisomi karatasi.
Bahari ijazwe na bahari, alijiambia,
akamimina ya chumvi, siku kumi na moja.

Nilirudi kwa magongo. Kipimo: arobaini.
Matumbawe yamejifunga, hayataki kuniona.
Shimo kimya.
Samaki mlangoni, anahema upesi upesi.

Hasira iliniambia: mwaga yote, tia mapya.
Lakini aliyezidiwa na chumvi
haokolewi kwa gharika.
Nachota kikombe, narudisha kikombe cha maji matupu.
Kimoja asubuhi, kimoja usiku. Siku sita.
Bohuš alikuja kila siku, akaketi na kofia mapajani.
Habari ya kabichi hakuitaja.

Usiku wa sita, taa zimezimwa:
tak.

Kavu, fupi, kama ubao unaokatika.
Bohuš alisimama ghafla, akatazama dari.
Miaka thelathini chini ya ardhi, masikio hayastaafu:
mbao za kushikilia mwamba hulia kabla hazijavunjika,
na ukisikia hivyo hukumbuki kofia.

"Kaa," nikamwambia. "Ni yeye. Yuko kazini."

Tukainama, vichwa viwili juu ya kioo, na tochi.
Changarawe ilikuwa ikitoka, punje kwa punje.
Samaki alikuwa mlangoni.
Mkia haukutikisika.